Korzeniowski: Maana na Matamko ya Jina Moja la Kipolonia



Mwenye kusoma vitabu vya Kiingereza hukutana mara nyingi na jina la Joseph Conrad. Ndiye baharia yule aliyefika kwetu Kongo mwaka 1890, akapanda mto kwa meli Roi des Belges, toka Kinshasa mpaka Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1899 safari ile ikazaa hadithi yake iitwayo Heart of Darkness. Lakini Conrad si jina la ukoo wake. Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 katika mji wa Berdyczów, ulio leo katika Ukraina, na wazazi wake, Wapolonia wakatoliki, walimwita Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Tutazame basi jina hilo la ukoo lina maana gani, latamkwaje, tena lilipata nini kwa Waingereza.

1. Maana yake

Tulikate vipande. Korzeń kwa Kipolonia ni mzizi wa mti. Toka neno hilo pakaitwa mahali, kama vile Korzeniów, kana kwamba sisi tungesema «Penye mizizi». Mwisho -ski wafanya kazi iliyo karibu na «wa» yetu. Korzeniowski basi ni mtu wa Korzeniów, mtu wa kwenye mizizi. Majina mengi yenye kuisha -owski yamefanywa namna hiyo.

Lakini tusidhani kwamba kila -ski yatoka kijijini. Kowalski latoka katika kowal, maana yake mfua chuma. Tena mwanamke hachukui -ski bali -ska: ndiyo maana twasema Mtakatifu Faustina Kowalska, wala si Kowalski.

2. Matamko

Wengi wakiona herufi hizi waogopa. Bure! Sheria nne zatosha.

Kwanza: rz ni herufi mbili, lakini sauti ni moja, ile j ya Wafaransa katika neno jour. Si j ya «jambo».

Pili: ni ikifuatwa na vokali ni ny yetu. Basi nio yatamkwa nyo, sawasawa na mwanzo wa neno «nyoka».

Tatu: w ya Wapolonia ni v. Lakini hapa yafuatwa na s, kwa hiyo yageuka f.

Nne: nguvu ya sauti hukaa katika silabi ya pili toka mwisho, kama katika Kiswahili.

Tukiunganisha twapata: Ko-je-NYOF-ski, kwa j ya Kifaransa. Mkongomani asemaye Kiswahili, naye amesoma Kifaransa shuleni, hakosi sauti hata moja ya jina hili.

Tujaribu lingine tunalolijua: Wojtyła, jina la ukoo la Papa Yohane Paulo II, ambaye naye alifika Kisangani mwaka 1980. W ni v, j ni y, na ł yenye mstari ni w ya «wali». Twasema karibu hivi: Voy-TI-wa.

3. Jina hili kwa Waingereza

Waingereza husoma herufi kwa desturi yao. Wakiona w hutamka w. Wakiona rz hutenga r na z. Baharia wetu aliingia meli ya Kiingereza mwaka 1878. Mwaka 1886 akapata uraia wa Uingereza na cheti cha ukapiteni. Miaka ile yote alikuwa Korzeniowski bado, na makarani wa meli waliliandika jina lake kila mtu kwa namna yake. Mwaka 1895, alipotoa kitabu chake cha kwanza, Almayer's Folly, aliliweka kando jina la ukoo, akatwaa Konrad, moja la majina aliyopewa utotoni, akaliandika kwa C.

Alikufa tarehe 3 Agosti 1924, akazikwa Canterbury kwa ibada ya Kikatoliki. Juu ya jiwe la kaburi wakachora: Joseph Teador Conrad Korzeniowski. Ukoo umeandikwa barabara. Lakini tazameni Teodor: limekuwa Teador! Hata kaburini herufi zilimkosea.

4. Faida kwetu

Jambo moja latushangaza. Katika kile kitabu chake cha Kongo hakuna Mwafrika hata mmoja aliyetajwa kwa jina. Ni kweli, Wazungu wengi mle nao waitwa kwa kazi zao tu. Lakini wachache wamepewa majina, wetu hakuna. Mtu aliyeona jina lake likivunjwavunjwa hakuuliza majina ya wenzake.

Sisi tunaoshika kalamu mbele ya kitabu cha ubatizo, tusimcheke upesi. Mara ngapi mama ametaja jina la mtoto, nasi tukaandika tulivyodhani? Majina mangapi ya babu zetu yaliandikwa kwa masikio ya Kibelgiji, moja kwa tsh, ndugu yake kwa ch, hata watoto wa baba mmoja waonekana kuwa wa koo mbili? Dawa yake si ngumu. Tuulize: «Jina hili mwalitamkaje? Maana yake nini?» Kisha tuandike, tumsomee mwenyewe, asikie kama ni lake. Jina lina mzizi. Anayeliandika vibaya aukata.