Maua bafuni: Jua yametoka wapi kabla ya kuyatia majini

Na DAKTARI WETU

WAKAZI wengi wa jiji wanaotafuta njia ya kupumzika baada ya pilkapilka za mchana wameanza kuiga mtindo wa kuoga kwa maji ya moto yaliyotiwa petali za waridi. Mtindo huo haukubaki katika hoteli kubwa na mitaa ya matajiri. Umefika hata Eastlands, ambako aghalabu bafu ni chumba kidogo kinachotumiwa na ploti nzima, na maji hubebwa kwa mtungi.

Kwa mtazamo wa kitabibu, mtindo wenyewe hauna ubaya. Mtu aliyeshinda Gikomba akiinua beli za mitumba, au Kamukunji akigonga mabati, anastahili robo saa ya utulivu. Wala si lazima awe na hodhi la kulala ndani yake. Beseni la kawaida linatosha.

Ila kuna swali ambalo wachache hujiuliza kabla ya kumwaga petali majini. Je, maua hayo yametoka wapi, na yalipuliziwa nini?

Si jambo geni

Kutumia maua mwilini ni desturi ya kale katika mwambao wetu. Kuanzia Lamu hadi Unguja, bibi harusi husingwa kwa singo, yaani mchanganyiko wa maua na viungo vilivyosagwa, huku somo wake akimsugua mwili mzima. Asumini, kilua na mrehani hufungwa pamoja kuwa kikuba cha kuvaliwa. Maji ya waridi nayo hunyunyiziwa wageni kwa mrashi.

Desturi hizo zilifika Nairobi zamani. Majengo, Pumwani, ambako ni hatua chache tu kutoka soko la Gikomba, kuna familia za Kiislamu zilizokaa tangu miaka ya 1920, na hadi leo huwezi kupita penye harusi bila kunusa udi na marashi.

Lakini bibi yetu wa pwani alichuma asumini uani kwake jioni, alipoona vitumba vinakaribia kuchanua. Aliujua mti wake, na hakuna aliyeupulizia dawa. Mnunuzi wa leo hununua shada njiani na hajui lolote kulihusu.

Maji ndiyo yenye kazi

Tuanze na kile kinachomtuliza mtu hasa. Mwili unapoingia katika maji ya vuguvugu, mishipa midogo ya damu chini ya ngozi hupanuka na misuli iliyokaza hulegea. Ukitoka majini, joto hutoka mwilini kupitia mikono na miguu, na kiini cha mwili hupoa kidogo. Kupoa huko ndiko huuarifu ubongo kwamba wakati wa kulala umefika.

Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu jambo hili. Walipata kwamba maji ya joto la nyuzi 40 hadi 42.5 za selsiasi, yakitumiwa saa moja au mbili kabla ya kulala, humsaidia mtu kupata usingizi haraka zaidi, kwa wastani wa dakika 10 hivi. Dakika 10 tu majini zilitosha.

Hii ni habari njema kwa anayeishi chumba kimoja, kwani kuosha miguu kwa maji ya vuguvugu nako kunasaidia. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha na kubaki.

Petali zafanya nini?

Wauzaji wengine hudai kwamba petali husafisha damu, huteremsha presha, au huondoa sumu mwilini. Madai hayo hayana msingi. Damu husafishwa na figo na ini, wala hakuna ua linaloweza kufanya kazi hiyo kutoka nje ya ngozi.

Mafuta yenye manukato ndani ya waridi ni machache mno. Ili kupata kilo moja ya mafuta hayo, viwanda huhitaji zaidi ya tani tatu za petali. Hivyo basi konzi moja ya petali katika beseni huacha mafuta kidogo sana majini. Tena waridi nyingi za biashara zimezalishwa ziweze kukaa siku nyingi katika chombo bila kunyauka, na aghalabu harufu yake ni hafifu.

Hata hivyo, sisemi kwamba petali hazina faida. Rangi na harufu nzuri huipa akili ishara kwamba kazi ya leo imekwisha. Mtu aliyezoea kuoga mbiombio huku jirani akibisha mlango hupata sababu ya kutulia. Hiyo ni faida ya kweli, ila haifai kununuliwa kwa madhara.

Waridi la biashara

Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza waridi nyingi zaidi duniani, na sehemu kubwa hukuzwa kandokando ya Ziwa Naivasha. Maua unayoyaona City Market, barabara ya Muindi Mbingu, au mikononi mwa wachuuzi kila inapokaribia tarehe 14 Februari, mengi hutoka katika mashamba ya biashara.

Ua la biashara hukuzwa ili litazamwe. Doa moja la ukungu hulishushia bei, na shehena ikipatikana na wadudu huko Ulaya yaweza kukataliwa. Kwa sababu hiyo mimea hupuliziwa dawa za kuua ukungu, utitiri na wadudu wengine. Wafanyakazi hutakiwa kuvaa glavu na kusubiri kwa muda kabla ya kuingia tena mahali palipopuliziwa.

Mboga na matunda huwekewa kiwango cha mabaki ya dawa kisichofaa kupitwa, kwa kuwa huliwa. Waridi la chomboni halihesabiwi kuwa chakula, na halikukusudiwa kuloweshwa katika maji ya mtu kukalia.

Mwaka 2016, watafiti nchini Ubelgiji walichapisha matokeo ya kupima mashada 90 yaliyouzwa nchini humo: 50 ya waridi, 20 ya gerbera na 20 ya krisanthemamu. Walikuta aina 107 za kemikali za dawa, wastani wa kama aina 10 katika kila shada. Waridi ndizo zilizokuwa na mabaki mengi zaidi. Hofu ya watafiti hao ilikuwa juu ya wauza maua, ambao hushika mashada kwa mikono mitupu kila siku.

Sasa fikiria mambo matatu. Kwanza, ngozi iliyolowa na kupata joto hupitisha kemikali kwa urahisi zaidi kuliko ngozi kavu. Pili, ngozi ya sehemu za siri hupitisha kemikali mara nyingi zaidi kuliko ile ya mkono. Tatu, mikwaruzo na ngozi iliyonyolewa punde hufungua mlango zaidi. Anayekaa katika beseni la petali ameyakusanya yote matatu.

Kuoga hivyo mara moja hakutamlaza hospitali mtu mzima mwenye afya. Lakini hakuna sababu ya kuizoesha ngozi dawa ambazo mkulima mwenyewe huzishika kwa glavu. Wala usidhani kwamba kusuuza kunamaliza mambo. Maji huondoa sehemu tu ya mabaki, na dawa nyingine hupenya ndani ya ua.

Maua gani yafaa?

Ua linalofaa ni lile unalolijua. Kama una waridi, asumini au mrehani katika mkebe mlangoni, na hukulipulizia dawa, hilo ndilo lako. Waweza pia kununua petali kavu za waridi zinazouzwa kwa ajili ya chai, kwa kuwa hizo zimekusudiwa kuingia mwilini. Maji ya waridi yanayouzwa kwa ajili ya mapishi nayo yanafaa, kijiko kimoja au viwili.

Yapo maua yasiyofaa hata kama hayakupuliziwa chochote. Krisanthemamu na jamii yake huwaletea baadhi ya watu ukurutu. Alstromeria, ambalo huchanganywa sana katika mashada, ni maarufu kwa kuwasha vidole vya wauza maua. Lile ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta katika nyua nyingi za Nairobi lina sumu, na utomvu wake ukiingia jichoni mboni hupanuka na macho kuona ukungu. Oleanda, inayopandwa kama pambo, ina sumu ya moyo. Usichume ua la uani kwa sababu tu linapendeza.

Jihadhari pia na ndimu. Wengine huongeza vipande vyake majini ili harufu ikolee. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua, huweza kuunguza na kuacha mabaka meusi kwa wiki nyingi.

Namna ya kufanya

1. Tumia beseni lisilotumika kwa dawa ya kung'arisha nguo. Kama ndilo hilo hilo, lisugue na kulisuuza vizuri.

2. Tia maji baridi kwanza, kisha yale ya moto. Pima kwa kiwiko. Kiwiko kikihisi kuchomwa, ngozi nyingine nayo itaungua.

3. Funga petali katika kitambaa safi cha pamba na kukitumbukiza majini. Hazitakwama mwilini wala kuziba mfereji wa ploti na kukugombanisha na majirani.

4. Kaa dakika 10 hadi 15, basi. Jikaushe vizuri, hasa katikati ya vidole vya miguu, kisha jipake mafuta.

5. Usishiriki maji hayo na mwingine. Fangasi wa vidoleni huenea kwa urahisi sana namna hiyo.

Anayetumia maua kwa mara ya kwanza asugue petali moja iliyolowa upande wa ndani wa mkono na kungoja hadi kesho yake. Akiona wekundu, uvimbe au mwasho, ua hilo si lake.

Hatari ya jiko

Kuna jambo moja lililo hatari kuliko petali zote. Watu wengi huchemsha maji kwa jiko la makaa, na msimu wa baridi huliingiza jiko chumbani au bafuni ili kupata joto. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu husikia kichwa kuuma na usingizi kumlemea, akadhani ni raha ya maji. Wengine hawaamki.

Chemshia maji nje, na jiko libaki nje. Ukipatwa na kichwa kuuma na kizunguzungu penye makaa, toka mara moja upate hewa safi, umtoe na mwenzako, kisha mwende hospitalini.

Nani ajihadhari zaidi?

Mwenye ugonjwa wa kisukari huenda amepoteza hisia miguuni, na aweza kuungua bila kujua. Ampe mtu mwingine ampimie maji, na achunguze nyayo zake akimaliza. Akiwa na kidonda, asiloweke miguu bila ushauri wa daktari.

Anayemeza dawa za presha aweza kupata kizunguzungu akiinuka ghafla kutoka kwenye maji ya moto. Ainuke polepole huku ameshika ukuta.

Mama mjamzito aepuke kuzamisha mwili katika maji ya moto sana, hasa miezi mitatu ya kwanza. Kuosha miguu kwa maji ya vuguvugu hakuna neno.

Watoto wachanga na wale wenye pumu au ukurutu wasitiliwe maua wala manukato majini. Na mtoto asiachwe peke yake karibu na beseni hata kwa nukta moja, kwani huzama katika maji yasiyofika goti.

Usioshe ndani

Wapo kina mama wanaoshauriwa kujifukiza au kujiosha ndani ya uke kwa maji ya maua ili wawe safi. Ushauri huo ni mbaya. Uke una bakteria wema wanaoulinda, na kuwaondoa hufungulia njia maradhi.

Watafiti waliofuatilia wanawake 1,270 wa biashara ya ngono mjini Mombasa kwa miaka 10, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006, walipata kwamba waliojiosha ndani walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI kuliko wasiojiosha, hata pale walipotumia maji matupu. Osha nje kwa maji, na ndani pajisafishe penyewe. Ukiona uchafu wenye harufu mbaya, nenda zahanati, kwa maana huo unahitaji dawa.

Kwa kumalizia, yeyote anayepata vipele, macho kuwasha au kupumua kwa shida baada ya kuoga na maua, ajimwagie maji safi mengi na kufika kituo cha afya, akibeba ua lenyewe ili daktari alione. Asiye na ua analolijua, aoge maji ya vuguvugu matupu na kufunga mlango kwa robo saa. Shada alilonunua mjini alitie katika chombo cha maji mezani, alitazame akiwa amelowesha miguu.