Je, Wajua? Bitiruti Ina Ladha ya Udongo Kweli

Wanaosema bitiruti ina ladha ya udongo hawajakosea. Ndani yake mna jeosmini, kemikali ileile inayoipa ardhi harufu yake mvua inaponyesha baada ya kiangazi. Wanasayansi Nancy Gerber na Hubert Lechevalier waliitambua mwaka 1965 kutoka kwa bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe tu.

Dawa yake ni asidi. Chemsha bitiruti na ganda lake, imenye, ikate, kisha ikamulie ndimu au itie siki: ule udongo hupungua na utamu hujitokeza. Mboga chungu kama mchunga na mnavu nazo hulainishwa kwa tui la nazi, maziwa au karanga.

Watoto wakizikataa mboga hizi, wasihukumiwe mapema. Wengi huhitaji kuonja mboga ngeni mara 10 hivi, au zaidi, ndipo waizoee. Kumlazimisha mtoto amalize sahani siku ya kwanza ni kumchukiza nayo. Mpe kijiko kimoja leo, kingine kesho kutwa.

Mkojo ukiwa mwekundu baada ya kula bitiruti, usishtuke, ni rangi yake tu. Ikizidi siku mbili, muone daktari.