Je, Wajua? Watoto wa Vitabuni na Nyumba Walizozaliwa

Mwema alimpa jina mwovu

Charles Dickens alikuwa na miaka 12 tu alipopelekwa kubandika lebo kwenye vyungu vya dawa ya viatu, kwa ujira wa shilingi 6 hivi kwa wiki. Ilikuwa London, mwaka 1824, na muda si muda babake akatiwa gereza la Marshalsea kwa sababu ya madeni. Siku moja Dickens alishikwa na maumivu makali ubavuni. Kijana mwenzake wa kazi akajaza maji ya moto kwenye chupa za dawa ya viatu na kumkanda karibu kutwa nzima. Msamaria huyo aliitwa Bob Fagin. Nawe jina hilo unalijua! Katika *Oliver Twist*, iliyoanza kutoka mwaka 1837, Fagin ndiye mzee anayewafunza watoto wizi.

Kwa nini amlipe hivyo? Nadhani mtoto yule hakumchukia Bob. Alichoogopa ni kugeuka kuwa Bob, maana alijiona mwana wa watu wenye heshima zao. Aibu hiyo aliificha maisha yake yote, na wasomaji waliijua yeye akiwa tayari kaburini.

Rehani yenye miguu

Mtoto mwingine wa miaka 12, deni lingine la baba. Yusuf, katika riwaya *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah (1994), anapandishwa treni kuelekea pwani pamoja na tajiri anayemwita Ami Aziz. Anadhani anakwenda kutembea. Huko pwani anamkuta Khalil, kijana aliyemtangulia, ambaye anampasulia ukweli bila kumumunya maneno: Aziz si ami yake hata kidogo. Babake Yusuf anadaiwa, na mtoto ndiye rehani.

Yote hayo yanatokea kwenye nchi yetu hii, Tanzania ya leo, misafara ya biashara ikiwa bado inakwenda bara na Wajerumani wakizidi kuikaba nchi. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mwaka uliofuata Yusuf akaanza kusema Kiswahili, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iitwayo *Peponi*. Kama hujaisoma, itafute.

Charlie nusura awe mweusi

Unamkumbuka Charlie, yule mtoto maskini anayepata tiketi ya dhahabu ya kuingia kiwanda cha chokoleti? Katika mswada wa awali alikuwa mtoto mweusi. Mwandishi wake, Roald Dahl, aliifahamu Afrika Mashariki, kwani alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell vita vya mwaka 1939 vilipoanza. Mjane wake ndiye aliyelieleza hilo mwaka 2017, na mwandishi wa wasifu wa Dahl akaongeza kwamba wakala wake wa vitabu ndiye aliyemshauri ambadilishe Charlie.

Sasa sikia kilichofuata. Kitabu kilipotoka mwaka 1964, weusi hawakukosekana ndani yake: walikuwa Oompa-Loompa, watu wafupi waliotolewa msitu wa Afrika, wakafanya kazi kiwandani kwa malipo ya mbegu za kakao! Lawama zilipozidi, toleo la mwaka 1973 likawapa ngozi nyeupe na nywele za rangi ya dhahabu. Umaskini wa Charlie haukuguswa. Babu na bibi zake wanne bado wanalala kitanda kimoja, na babake bado anafunga vifuniko vya dawa ya meno.

Kitabu 1 katika 15

Mtafiti Nancy Larrick alichunguza vitabu 5,206 vya watoto vilivyochapishwa Marekani kati ya mwaka 1962 na 1964. Vilivyokuwa na hata mtu mmoja mweusi, kwa maandishi au kwa picha, vilikuwa 349. Mtoto mweusi angefunua vitabu 14 kabla ya kukutana na mwenzake, na pengine angemkuta pembeni tu mwa picha.

Kimoja cha miaka hiyo ni *The Snowy Day* (1962) cha Ezra Jack Keats, mwana wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland. Mwaka 1940 Keats alikata gazetini picha za mtoto mweusi, akakaa nazo miaka ishirini hivi kabla ya kumchora Peter, mtoto wa kitabu hicho. Na Peter anafanya nini? Anacheza kwenye theluji mjini, basi. Ameachiwa raha ya kuwa mtoto. Mwaka 2020 Maktaba ya Umma ya New York ilitangaza kwamba katika miaka yake 125 hakuna kitabu kilichoazimwa kushinda hicho: mara 485,583.

Lita tatu za maziwa

Pecola, msichana wa miaka 11 katika *The Bluest Eye* ya Toni Morrison (1970), anakunywa karibu lita 3 za maziwa ili tu aendelee kukishika kikombe chenye picha ya Shirley Temple, nyota mtoto wa sinema mwenye ngozi nyeupe. Anachoomba kwa Mungu ni macho ya buluu. Wazo hilo Morrison alilipata kwa msichana aliyesoma naye shule ya msingi. Claudia, mweusi vilevile na wa mji huohuo, yeye huvunjavunja wanasesere weupe anaozawadiwa.

Ada iliyotoka shambani

Tambu, wa *Nervous Conditions* ya Tsitsi Dangarembga (1988), anaachishwa shule kwa kukosa ada. Kakake anaendelea. Basi analima mahindi yake mwenyewe, na kaka huyohuyo anamwibia na kuyagawa kwa marafiki! Mwalimu anampeleka mjini kuuza yaliyobaki, na mama mmoja wa Kizungu, akidhani mtoto anatumikishwa, anatoa pauni 10, zinazopelekwa shuleni kuwa ada. Baba anazifuata shuleni akidai ni zake, anaoneshwa risiti.

Binamu yake Nyasha amekulia Uingereza. Baba zao ni ndugu, ila mmoja alisomeshwa. Nyasha anarudi nyumbani Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Kishona kikimpiga chenga, na shuleni wenzake wanamtenga. Dangarembga hakuyatoa mbali hayo: naye alipelekwa Uingereza akiwa na miaka 2, akarudi akiwa na 6.