Mitume nao walizozana, lakini walijua kupatana

Na MWANDISHI WETU

KILA mzozo unapozuka kanisani, hakukosi muumini wa kutikisa kichwa na kusema kwamba mambo hayangekuwa hivi lau Wakristo wangeishi kama wale wa kwanza. Wengi wetu huwaza kuwa wanafunzi wa Yesu walikuwa watu wasiojua hasira, wivu wala ubaguzi.

Ukweli ni kwamba Biblia yenyewe haisemi hivyo. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, na wanafunzi wale waligongana si mara moja wala mbili.

Walibishana njiani ni nani kati yao aliye mkubwa. Walirudia ubishi huo hata usiku wa karamu ya mwisho. Mama yao Yakobo na Yohana naye alimwendea Yesu kuwaombea wanawe viti vya kulia na kushoto, nao wenzao kumi wakakasirika.

Basi funzo tunaloweza kupata kwao si kwamba hawakukosana. Funzo ni namna walivyoyamaliza yaliyowakosanisha. Na hapo ndipo makanisa na nyumba zetu nyingi hushindwa.

Wajane wanyimwa chakula

Mzozo wa kwanza mkubwa ulihusu chakula. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, chaeleza kwamba waumini wa Yerusalemu walikuwa wakiwagawia wajane riziki kila siku. Lakini Wayahudi waliozungumza Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao walikuwa wakisahauliwa, ilhali wale wa Waebrania walipata.

Wote walikuwa Wayahudi na wote walimwamini Yesu. Kilichowatenganisha kilikuwa lugha na mahali walikotoka. Msomaji anayeishi katika mtaa wowote wa Nairobi, Nakuru au Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi.

Mitume wangeweza kuwanyamazisha waliolalamika. Wangesema kwamba manung'uniko ni dhambi, au kwamba anayetaja habari za lugha ndiye anayeleta ukabila. Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakasema haifai wao kuliacha neno la Mungu ili wahudumu mezani, kisha wakawaambia waumini wenyewe wachague watu saba wenye sifa njema.

Tazama majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni ya Kiyunani, na Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi, bali alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Yaelekea basi kwamba wengi wa walinung'unikao ndio waliokabidhiwa ghala.

Kundi lenye nguvu lilikubali kuachilia kijiko. Matokeo yake ni kwamba idadi ya wanafunzi iliongezeka sana, na hata makuhani wengi wakaamini.

Nchini mwetu, ambako zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi walijitaja kuwa Wakristo katika sensa ya 2019, somo hili si dogo. Wakenya hawajasahau Januari 1, 2008, siku ambayo kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret liliteketezwa huku watu waliokimbilia usalama wakiwa ndani. Chuki ya namna ile haizuki kwa siku moja. Huanza kwa manung'uniko madogo ambayo hakuna aliyetaka kuyasikiliza.

Petro akosolewa mbele ya watu

Mzozo wa pili ulitokea Antiokia, mji mkubwa wa Shamu wakati wa Warumi, ambao leo huitwa Antakya na uko Uturuki. Hapo ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Kwa mujibu wa Waraka kwa Wagalatia, sura ya 2, Petro alipofika huko alikula meza moja na waumini wasiokuwa Wayahudi. Lakini wageni fulani walipowasili kutoka kwa Yakobo, alianza kujitenga kwa kuogopa maneno yao. Wayahudi wengine wakamwiga, hata Barnaba.

Paulo alimkabili Petro mbele ya watu wote. Hakupita nyuma ya nyumba akimsengenya, wala hakukusanya kundi la kumpinga. Kosa lilifanywa hadharani, na lilikuwa likiwaumiza watu hadharani, naye akalisema papo hapo, tena kwa mhusika mwenyewe.

Petro alikuwa mkubwa. Alikuwa ametembea na Yesu, hali Paulo alikuwa zamani mtesaji wa Kanisa. Lakini hatusomi popote kwamba Petro alilipiza kisasi. Badala yake, Waraka wa Pili wa Petro humtaja Paulo kuwa ndugu mpendwa.

Ni wazee wangapi wa kanisa leo wanaoweza kukosolewa na mdogo wao, kisha wakamwita ndugu? Na ni wazazi wangapi wanaoweza kuambiwa na mtoto wao kwamba wamekosea, wasianze kuhesabu karo waliyolipa?

Kijana aliyekatiza safari

Lakini kisa kinachogusa moyo zaidi, hasa kwa vijana, ni cha Yohana Marko.

Marko alikuwa binamu yake Barnaba, na nyumba ya mama yake huko Yerusalemu ilikuwa mahali pa maombi. Paulo na Barnaba walimchukua katika safari yao ya kwanza ya kuhubiri. Walipofika Perge katika Pamfilia, Marko aliwaacha akarudi Yerusalemu. Kitabu cha Matendo hakisemi ni kwa nini.

Baadaye Paulo alipendekeza warudi kuwaona ndugu katika kila mji walikohubiri. Barnaba akataka Marko aende nao. Paulo akakataa katakata, kwani aliyewaacha njiani mara ya kwanza hakustahili kuaminiwa tena. Ubishi ukawa mkali hata wakaachana. Barnaba alimchukua Marko wakaelekea Kipro, naye Paulo akamchagua Sila wakapitia Shamu na Kilikia.

Mtu angefikiri kwamba Barnaba alimtetea jamaa yake tu. Lakini ndiye huyohuyo aliyemshika Paulo mkono, wakati wanafunzi wote wa Yerusalemu walipomwogopa, akampeleka kwa mitume. Ndiye pia aliyemfuata Tarso ili wafanye kazi pamoja Antiokia. Paulo mwenyewe alikuwa amefaidi moyo ule wa kumpa mtu nafasi ya pili.

Wala Paulo hakuwa na chuki. Alijali kazi, na kazi ilikuwa ya hatari. Kila mmoja alikuwa na hoja, na mwandishi wa Matendo hasemi ni nani aliyeshinda.

Muhimu ni yaliyofuata. Paulo aliendelea kumtaja Barnaba kwa heshima alipowaandikia Wakorintho. Katika Waraka kwa Wakolosai aliagiza Marko apokewe vyema. Na katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, Paulo akiwa kifungoni na wengi wakiwa wamemwacha, aliomba aletewe Marko kwa kuwa alimfaa katika kazi.

Yule aliyekataliwa sasa ndiye aliyehitajiwa. Mapokeo ya kale ya Kanisa husema kwamba Marko huyo ndiye aliyeandika Injili yenye jina lake, na Wakoptiki wa Misri humhesabu kuwa mwanzilishi wa Kanisa lao. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi.

Sisi je?

Mwanafunzi aliyefeli mtihani, msichana aliyeacha shule, kijana aliyeharibu pesa za biashara ya babake: hawa ndio akina Marko wa siku hizi. Wanahitaji Barnaba wa kuwashika mkono. Wanahitaji pia Paulo ambaye, akiona wamebadilika, hataona haya kufuta maneno yake ya jana.

Makanisa nayo yana la kujifunza. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kupelekana mahakamani, ndugu kwa ndugu. Hata hivyo, kumaliza mambo nyumbani si kuyafunika. Mitume waliita mkutano wakasikiliza walioumia. Anayemwambia mjane aliyenyimwa haki yake anyamaze kwa ajili ya amani hafuati mfano wao.

Jumapili hii, familia inaporudi kutoka ibadani na kuketi mezani, pengine kuna kiti kimoja kitupu: ndugu asiyesemezwa tangu ugomvi wa shamba, au binti aliyeambiwa asirudi. Kuwaita si udhaifu. Paulo, kwa ukali wake wote, aliandika barua akaomba Marko aletwe.