Kengele ya Wezi na Masharti Yake

Wako watu wanaodhani kwamba kengele ya wezi iliyofungwa nyumbani huweza kumtambua mwizi. Haina uwezo huo. Chombo hicho hakimjui mwizi wala mwenye nyumba. Kinachojua ni kama saketi ya umeme ni kamili au imekatika, na ni muda gani umepita tangu hali hiyo ibadilike. Jambo lipi lihesabiwe kuwa hatari, wakati gani, na baada ya sekunde ngapi, ni maamuzi ya binadamu, nayo huingizwa katika chombo kwa kubonyeza vitufe. Kazi hiyo ndiyo iitwayo kuprogramu, yaani kukipangia chombo masharti. Ikifanywa vizuri, nyumba hupata mlinzi asiyesinzia. Ikifanywa ovyo, king'ora hulia usiku wa manane bila sababu, majirani huzoea, na siku mwizi anapokuja kweli hapana anayeinuka kitandani.

Asili ya chombo

Tarehe 21 Juni, 1853, Augustus Russell Pope wa Somerville, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi kwa kengele ya wezi iendeshwayo kwa betri na sumaku-umeme. Mlango au dirisha lilipofunguliwa, saketi ilikamilika, na sumaku-umeme ikavuta nyundo iliyogonga kengele. Mwaka 1857 Edwin Holmes alinunua haki za uvumbuzi huo na kuueneza kibiashara, kwanza Boston na baadaye New York.

Saketi ya namna hiyo ina kasoro kubwa. Wakati wa amani haipitishi umeme. Kwa hiyo waya ukikatwa au betri ikiisha nguvu, chombo hukaa kimya, na ukimya huo haupambanuki na ukimya wa usalama. Ndiyo sababu vyombo vya leo hutumia kanuni iliyo kinyume: umeme kidogo hupita wakati wote, na kukatika kwake ndiko kunakoleta habari.

Waya mmoja, habari tatu

Mlangoni hufungwa swichi ya sumaku, ambayo ilibuniwa na Walter B. Ellwood wa maabara za Bell, Marekani, mwaka 1936. Sehemu yake moja ni kichupa cha kioo chenye vibao viwili vyembamba vya chuma. Sehemu ya pili ni sumaku iliyopachikwa kwenye mlango. Mlango ukifungwa, sumaku huvifanya vibao vigusane. Ukifunguliwa, vibao huachana na mkondo hukoma.

Hata hivyo, mwizi mwenye ujuzi angeweza kuziunganisha nyaya mbili kabla hazijafika kwenye swichi, na umeme ungeendelea kupita kana kwamba mlango haujafunguliwa. Ili kuizuia hila hiyo, rezista huwekwa mwishoni kabisa mwa waya, karibu na swichi. Chukua mfano wa chombo cha volti 12 chenye rezista ya omu 5,600 ndani yake, na nyingine ya omu 5,600 mwishoni mwa waya. Kwa sheria ya Ohm, volti hugawanyika sawasawa, na chombo husoma volti 6: hiyo ndiyo hali ya kawaida. Mlango ukifunguliwa au waya ukikatwa, chombo husoma volti 12. Nyaya zikiunganishwa kwa hila, husoma 0.

Mpangaji wa masharti hana budi kukiarifu chombo kwamba rezista ipo na kwamba ni ya omu ngapi. Akichagua mpango usiotumia rezista, kinga dhidi ya hila hiyo hupotea, ingawa kwa macho kengele itaonekana kufanya kazi kama kawaida.

Tabia ya kila kanda

Eneo linalolindwa na waya mmoja huitwa kanda, nayo hupewa namba. Kila kanda huchaguliwa tabia yake, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

Mlango wa mbele hufanywa kanda ya kuchelewa: ukifunguliwa, chombo hutoa mlio mdogo na kumsubiri mwenye nyumba aandike namba yake ya siri. Madirisha na mlango wa uani hufanywa kanda za papo hapo, kwa sababu mwenye nyumba hana haja ya kuingilia huko. Sebule, ambamo mwenye nyumba hupita akielekea kwenye vitufe, hufanywa kanda ya kufuata: husubiri endapo mlango wa mbele ulifunguliwa kwanza, lakini hupiga king'ora mara moja endapo mtu ametokea humo bila kupitia mlangoni. Kanda ya saa 24 hulindwa hata wakati kengele imezimwa. Kitufe cha dharura na kifuniko cha chombo chenyewe huwekwa katika kundi hili.

Tena kuna mpango wa usiku, ambao huacha milango na madirisha katika ulinzi lakini huondoa vitambuzi vya ndani, ili mtoto anayekwenda msalani asiamshe mtaa mzima.

Sekunde ngapi zinatosha?

Kiwango cha Ulaya cha EN 50131 hutaka muda wa kuingia usizidi sekunde 45. Kiwango cha Marekani cha CP-01 hutaka muda huo usipungue sekunde 30. Msomaji atazame tofauti hii: kiwango kimoja huweka dari, kingine huweka sakafu. Cha kwanza huhofia kumpa mwizi nafasi. Cha pili huhofia king'ora kulia kwa sababu mwenye nyumba amechelewa. Hofu zote mbili ni za haki, na kila sekunde inayoongezwa hupunguza moja na kuzidisha nyingine.

Njia bora si kukisia bali ni kupima. Achaguliwe mkazi aendaye polepole kuliko wote, pengine bibi mzee mwenye mzigo mkononi, apimwe kwa saa tangu anapofungua mlango hadi anapomaliza kuandika namba. Akitumia sekunde 22, sekunde 30 zitamtosha.

Joto la pwani na kitambuzi cha mwendo

Kitambuzi cha mwendo kinachotumika sana nyumbani hupokea miali ya infraredi itokayo mwilini. Kwa sheria ya Wien, urefu wa wimbi lenye nguvu zaidi, kwa maikromita, hupatikana kwa kugawanya 2,898 kwa halijoto katika Kelvin. Ngozi yenye nyuzi 33 za Sentigredi ni sawa na Kelvin 306, na jibu ni maikromita 9.5 hivi. Lenzi ya kitambuzi huligawa eneo katika mistari. Mtu akikatiza kutoka mstari hadi mstari, joto linalopokewa hupanda na kushuka. Kwa hiyo kitambuzi humwona upesi zaidi mtu akatizaye mbele yake kuliko yule anayekijia moja kwa moja.

Katika chumba cha Nairobi chenye nyuzi 18 usiku, ngozi huzidi ukuta kwa nyuzi 15. Katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam chenye nyuzi 32, huuzidi kwa nyuzi 1 tu. Vitambuzi vingi hujirekebisha kufuatana na joto la chumba, lakini havitengenezwi vyote kwa ubora mmoja. Anayepunguza wepesi wa kitambuzi ili kisishtushwe na mjusi apitaye kwenye lenzi, apime tena mchana wa joto kali, asije akawa amempofusha mlinzi wake.

Namba za siri na betri

Namba yenye tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000. Yenye tarakimu 6 ina 1,000,000. Lakini hesabu hiyo haina maana endapo namba ya kiwandani, ambayo huchapishwa katika kitabu cha maelekezo, imeachwa bila kubadilishwa. Namba ya fundi, ambayo hufungua masharti yote, ibadilishwe pia.

Umeme ukikatika, masharti hayafutiki, kwa kuwa huhifadhiwa katika kumbukumbu isiyohitaji umeme. Ulinzi wenyewe hutegemea betri. Betri ya ampea-saa 7, chombo kikitumia ampea 0.2, ingedumu kwa hesabu saa 35. Ikichakaa, hudumu muda mfupi zaidi.

Gharama ya mlio wa bure

Mwongozo uliotolewa kwa polisi wa Marekani mwaka 2001 ulieleza kwamba kati ya asilimia 94 na 98 ya miito ya kengele za wezi ilikuwa ya bure. Mnamo Desemba 2000 mji wa Salt Lake City ulikuwa umekwisha kuamua kwamba polisi wasiende kwenye mlio wa kengele mpaka ihakikishwe kwamba kuna jambo. Waswahili walilijua jambo hili kabla ya umeme: kelele za mlango haziniwasi usingizi. Kengele iliayo kila siku huwa kama mlango huo.

Jaribio la darasani

Walimu wa fizikia waweza kulionyesha jambo hili kwa betri, swichi ya sumaku, rezista mbili zenye ukinzani ulio sawa na voltimita. Wanafunzi waunge saketi, kisha wapime volti mlango ukiwa umefungwa, ukiwa wazi, na nyaya zikiwa zimeunganishwa. Baada ya hapo kila mmoja achore ramani ya nyumba ya kwao, aandike kila mlango uwe kanda ya aina gani na kwa sekunde ngapi, na aeleze sababu. Vipimo vya voltimita vitakuwa na jibu moja. Ramani zitatofautiana, kwa kuwa kila nyumba ina watu wake, nao ndio wanaopaswa kuamua ni nini kihesabiwe kuwa hatari.