Kwa Nini Spitfire Inakohoa Kwenye Kompyuta Yako

Cliffs of Dover ni mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2011, na unaigiza mapambano ya angani yaliyopiganwa juu ya Uingereza mwaka 1940. Mgeni wa mchezo huu hukutana na kero moja mapema sana. Umeshaingia nyuma ya Messerschmitt Bf 109, mabawa yake yamejaa kwenye kioo cha shabaha. Ghafla Mjerumani anainamisha pua na kushuka. Nawe unasukuma usukani mbele umfuate. Papo hapo injini ya Spitfire yako inakohoa, inatema moshi mweusi, na propela inazunguka bila nguvu. Injini inapopata pumzi tena, adui amebaki nukta.

Wengi hudhani kompyuta imezidiwa. La, kompyuta iko sahihi kabisa. Tatizo hilo liliwasumbua marubani wa kweli.

Injini ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, iliitwa Merlin, nayo ilipata petroli kupitia kabureta yenye boya, kwa kanuni ile ile inayotumika kwenye pikipiki nyingi za bodaboda. Petroli ikipanda kwenye chemba, boya linapanda nayo na kuziba njia. Ikipungua, boya linashuka na njia inafunguka. Mpango wote unategemea petroli ikae chini. Rubani akisukuma pua chini kwa ghafla, ndege hushuka upesi kuliko kitu kinachoanguka chenyewe, na kila kisichofungwa hurukia juu, kama abiria wa kiti cha nyuma basi linapovuka tuta bila kupunguza mwendo. Petroli hupanda juu ya chemba, matundu ya kulisha injini yanabaki makavu, na injini inakohoa. Baada ya hapo boya linaacha njia wazi, pampu inafurisha chemba, na safari hii injini inakabwa na petroli nyingi kupita kiasi. Moshi mweusi ndio huo.

Injini ya Bf 109, Daimler-Benz DB 601, ilisukumiwa petroli kwa pampu moja kwa moja ndani ya silinda. Juu na chini kwake vilikuwa sawa. Hata hivyo Waingereza walikuwa na sababu ya kushikilia kabureta: petroli inapogeuka mvuke hupoza hewa inayoelekea kwenye silinda, na hewa ya baridi huwa imeshikana zaidi, hivyo injini hupata nguvu ya ziada.

Marubani walipata njia ya kukwepa: pindua ndege mgongo uwe chini, kisha vuta usukani. Hapo uzito huelekea sakafuni, na injini haikatiki. Jaribu kwenye mchezo. Inafanya kazi, ingawa utapoteza muda kidogo.

Dawa ilitoka kwa mhandisi Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, mwanamke aliyewahi kuzunguka uwanja wa mbio wa Brooklands kwa pikipiki kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Mwaka 1941 alibuni kizuizi kidogo cha chuma chenye tundu, kilichopitisha petroli ile tu inayohitajiwa na injini ikiwa kwenye nguvu zake zote. Kikohozi hakikuisha chote, lakini injini iliacha kufurika. Ni ufundi wa aina ninayoipenda: mdogo, wa bei ndogo, na ndege haikuhitaji kushushwa injini.

Kompyuta inajuaje haya? Programu hushika uzito wa ndege, kasi yake na kani zote zinazoivuta, kisha hupiga hesabu upya mara nyingi katika kila sekunde. Baadhi ya programu husoma majedwali ya nguvu za bawa; nyingine, kama X-Plane, hukata bawa vipande vipande na kukokotoa kila kimoja. Ndiyo maana ukilaza ndege nyuzi 60 na kuzunguka bila kupoteza kimo, bawa hubeba uzito mara mbili, na kasi ya chini inayoweza kukuweka hewani hupanda kwa takriban asilimia 41. Ukizidi kuvuta usukani, hewa inaachana na mgongo wa bawa na ndege inaanguka upande.

Kitu kimoja hakiingii kwenye kompyuta ya nyumbani: mwili wako. Damu ya rubani hukimbilia miguuni anapokata kona kali. Wewe unafifishiwa skrini tu, huku umekaa na chai yako. Kwa hiyo usijisifu mno ukimwangusha adui.

Ukitaka kuanza, achana na kibodi, kwa sababu kitufe hujua kubonyezwa au kuachwa tu, ilhali bawa linataka mkono wa kiasi. Nunua usukani wa bei nafuu, ondoa maadui wote, na ujifunze kwanza kutua.