Tufe Ling'aralo Gizani Halina Mipaka

Mwaka 2022 kampuni ya Lego ya Denmark ilitoa tufe la dunia la vipande 2,585 vya matofali ya kuchezea. Vipande vyenye pembe hupandishwa daraja kwa daraja hata jicho likaona mviringo. Majina ya mabara na bahari hung'ara gizani pasipo betri, kwani vibao vyake hunywa mwanga kwanza, kisha huutoa usiku.

Lakini sisi tumeona jambo jingine, ndugu askari. Juu ya tufe hilo haukuchorwa mpaka wa nchi hata mmoja. Mpaka umewekwa na sheria, nanyi mnaulinda kwa sheria. Basi jirani auvukaye kwa amani, mzigo kichwani, na apokewe kwa sheria hiyo hiyo, pasipo kuonewa.